Kaida na Mafundisho katika Ibada ya Walutheri

Kila dini ina mambo mawili yaendayo pamoja kama mtu na kivuli chake: yale ambayo waumini huyaamini, na yale ambayo huyatenda wakutanikapo mbele ya Mungu. Ya kwanza huitwa mafundisho. Ya pili huitwa kaida za ibada, nazo ni mavazi ya kasisi, mishumaa, kusimama na kupiga magoti, lugha ya sala na mpango wa nyimbo. Swali la ni lipi kati ya mawili haya limtawalalo mwenziwe ni la zamani sana, na katika historia ya Walutheri limepata kuwa swali la kufungwa gerezani, kufukuzwa nchini, na hata kuzingirwa kwa mji mzima. Mtu wa leo akisikia kwamba wachungaji walikubali kupoteza makazi yao kuliko kuvaa kanzu nyeupe, yumkini atawahesabu kuwa wakaidi. Na akisikia kwamba mwalimu wao mkuu aliwahi kuzirudisha kanzu zizo hizo baada ya kuondolewa, atadhani kwamba watu hawa hawakujua walitakalo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba walijua. Kaida moja yaweza kushikwa mwaka huu na kukataliwa mwaka mwingine, na aliyefanya hivyo asiwe amegeuka. Maana kilichopimwa hakikuwa kaida yenyewe, bali ni neno ambalo kaida hiyo ilisemeshwa na yule aliyeiamuru au aliyeikataza. Mizani hii ni rahisi kuieleza, lakini ni nzito kuichukua, na waliojaribu kuichukua hawakukosa kuumizana.

Katika elimu ya dini ya Kikristo mambo ya namna hii huitwa adiafora, neno la Kiyunani lenye maana ya mambo yasiyo na tofauti, yaani yale ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Wajerumani wa karne ya 16 waliyaita mambo ya kati. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kulionea neno hili ugeni, kwa kuwa fikihi ya Kiislamu, ambayo lugha yetu imeazima kwayo maneno mengi ya sheria, ina neno mubaha kwa tendo ambalo si faradhi wala si haramu. Lakini Walutheri, kwa sababu ya mambo yaliyowapata, walilazimika kuuliza swali moja zaidi: je, jambo lililo mubaha hubaki kuwa mubaha liamriwapo kwa upanga?

Swali hilo halikuanza kwa amri ya adui. Lilianza nyumbani, kwa haraka ya rafiki. Mwezi wa Aprili 1521 Martin Luther alisimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano katika mji wa Worms akakataa kuyakana maandiko yake. Alipokuwa njiani kurudi alifichwa kwa amri ya mtawala wake katika ngome ya Wartburg, na kwa muda wa miezi kumi, isipokuwa kwa ziara fupi ya siri, mji wa Wittenberg ukawa hauna mwalimu wake. Siku ya Noeli ya mwaka huo mwenziwe wa chuo kikuu, Andreas Karlstadt, aliongoza Chakula cha Bwana bila mavazi ya ibada, amevaa nguo za mtu wa kawaida. Maneno ya kuweka wakfu aliyatamka kwa Kijerumani, na mkate na kikombe akaviacha vishikwe na mikono ya waumini, ambao tangu utoto wao walikuwa wamefundishwa kwamba mikono hiyo haistahili kuvigusa. Yasimuliwa kwamba mmoja wao alitetemeka hata mkate ukamponyoka ukaanguka chini, na alipoambiwa auokote hakuthubutu.

Katika tukio hilo dogo limo tatizo zima. Kwa mafundisho, Luther na Karlstadt hawakuhitilafiana juu ya kikombe kwa waumini wote wala juu ya ibada kwa lugha ifahamikayo. Lakini mafundisho yaliyokwisha kufika masikioni mwa mtu yule yalikuwa hayajafika vidoleni mwake. Alilazimishwa kutenda kwa mkono jambo ambalo moyo wake ulikuwa bado unaliita kufuru. Mwezi wa Januari 1522 baraza la mji likaamuru sanamu ziondolewe makanisani, na fujo ikafuata. Ndipo Luther alipotoka mafichoni, akafika Wittenberg tarehe 6 Machi, na tangu Jumapili ya tarehe 9 akahubiri siku nane mfululizo. Yasemekana alipanda mimbarani akiwa na vazi lake la utawa, kana kwamba alitaka macho ya watu yapate hotuba kabla ya masikio.

Alichokifundisha katika siku hizo nane ndicho msingi wa yote yaliyofuata. Alisema kwamba yako mambo ya lazima, nayo ni yale ya imani, ambayo mtu hawezi kuyapunguza hata kwa ajili ya mpendwa wake. Yako na mambo ya hiari: sanamu, kufunga, kuishi utawani au kutoka, kuupokea mkate kwa mkono au kwa kinywa. Aliye na nguvu asimburute aliye dhaifu, bali amngoje, kama vile mama amlishavyo mtoto maziwa kwanza na chakula kigumu baadaye. Zaidi ya hayo alionya kwamba jambo la hiari likigeuzwa kuwa sheria, hata ikiwa ni sheria ya kuondoa, utumwa umerudi kwa mlango wa nyuma. Aliyemlazimisha mwenziwe kuvunja sanamu na aliyemlazimisha kuisujudia ni ndugu wawili. Kwa hiyo mavazi ya zamani yakarudishwa kwa muda, Kilatini kikarudi, na wala hakuna aliyelazimishwa kukishika kikombe.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba Luther aliacha kila kitu mahali pake. Katika utaratibu wa ibada alioutoa kwa Kilatini mwaka 1523, na ule wa Kijerumani uliopigwa chapa mwaka 1526, aliziondoa sala za katikati ya misa zilizoifanya Karamu ya Bwana kuwa sadaka ambayo kasisi humtolea Mungu. Sala hizo zilikuwa zikisomwa kwa sauti ya chini. Mtu aliyesimama nyuma ya kanisa hakuweza kuzisikia. Mavazi, mishumaa na altare, ambavyo kila mtu aliviona, alivihesabu kuwa ni vya hiari. Maneno ambayo karibu hapana aliyeyasikia ndiyo aliyoyafuta, maana ndani yake alikuta mafundisho yaliyopingana na neema. Tena katika dibaji ya utaratibu ule wa Kijerumani aliwasihi wasomaji wasiugeuze kuwa sheria ya kufunga dhamiri ya mtu ye yote.

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa kuinua mkate na kikombe. Ilikuwa desturi ya kasisi kuviinua juu baada ya kuviweka wakfu, ili watu waviabudu. Luther mwenyewe alikuwa na nia ya kuiacha desturi hiyo. Karlstadt alipoanza kufundisha kwamba kuinua ni dhambi, na kwamba afanyaye hivyo anamsulubisha Kristo mara ya pili, Luther alijibu katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya manabii wa mbinguni kwamba sasa ataendelea kuinua, kwa kuwa imekatazwa na mtu asiye na mamlaka ya kukataza. Wittenberg ikaendelea kuinua kwa miaka mingi. Mwaka 1542 mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, aliiacha desturi hiyo pasipo kelele, na Luther akaridhika. Mtu mmoja, kaida moja, majibu mawili. Ilipokatazwa, kuishika kulikuwa ushuhuda wa uhuru. Isipokatazwa tena na mtu, ikawa desturi tu, na desturi yaweza kwenda kwa amani kama ilivyokuja.

Mafundisho hayo yaliandikwa rasmi katika Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni 1530 na ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa Philipp Melanchthon. Kifungu cha saba chaeleza kwamba umoja wa kweli wa Kanisa watoshelezwa na kupatana katika mafundisho ya Injili na katika matumizi ya sakramenti, wala si lazima mapokeo na kaida zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Hapana budi msomaji aliangalie neno hilo la kutosha. Halisemi kwamba kaida ni upuuzi. Ungamo lilo hilo, katika kifungu cha 24, lajitetea kwamba misa haikuondolewa na kwamba karibu kaida zote za zamani zimehifadhiwa, pamoja na kuongezwa nyimbo za Kijerumani ili watu wafundishwe. Kaida zina kazi, nayo ni kufundisha na kupanga. Kazi zisiyokuwa nayo ni kuokoa.

Katika miaka ya amani mizani hii iliweza hata kuchezewa kwa mzaha. Mwaka 1539 Mtawala wa Brandenburg, Joachim wa Pili, aliiingiza nchi yake katika matengenezo, lakini alipenda maandamano, majoho na fahari ya zamani. Mkuu wa kanisa katika Berlin, Georg Buchholzer, alimwandikia Luther kwa wasiwasi, akiuliza kama dhamiri yake yaruhusu kuvaa mavazi yale. Luther alimjibu kwamba ikiwa Injili yahubiriwa safi na sakramenti zatolewa kwa haki, basi avae tu. Na ikiwa joho moja halimtoshi bwana mkubwa, avae matatu kama Haruni. Na kama kuzunguka mara moja hakutoshi, azunguke mara saba kama Yoshua kule Yeriko. Na mtawala akitaka, naye arukeruke na kucheza mbele kama Daudi. Sharti lake lilikuwa moja: mambo hayo yasifanywe kuwa ya lazima kwa wokovu. Ni barua ya mtu aliyekuwa na nafasi ya kucheka, kwa kuwa aliyetoa amri alikuwa mpenda fahari tu, si mwenye kuikusudia imani mabaya.

Miaka tisa baadaye hakuna aliyecheka. Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Mwaka huo huo vita vilizuka kati ya Kaisari na muungano wa watawala wa Kilutheri, na tarehe 24 Aprili 1547 majeshi ya Walutheri yalishindwa huko Mühlberg. Johann Friedrich wa Saksonia alitekwa. Cheo chake, na sehemu kubwa ya nchi yake pamoja na Wittenberg, akapewa ndugu yake wa ukoo Moritz, ambaye ijapokuwa alikuwa Mlutheri alipigana upande wa Kaisari. Mwaka 1548 Kaisari akatoa katika Augsburg sheria ya dini iliyoitwa Interim, yaani ya muda, hata mtaguso mkuu utakapoamua. Iliwaachia Waprotestanti ndoa ya makasisi na kikombe kwa waumini. Mengine karibu yote yalirudishwa, kuanzia sakramenti saba na maombezi ya watakatifu hadi mamlaka ya Papa. Katika Ujerumani ya kusini sheria hiyo ilitiwa nguvu kwa askari. Mamia ya wachungaji walifukuzwa, na Johannes Brenz, mtengenezaji wa kanisa la Schwäbisch Hall, aliponea chupuchupu kwa kukimbia.

Moritz alikuwa katika dhiki ya namna nyingine. Hakuweza kuwalazimisha watu wake waipokee Interim, wala hakuthubutu kumkatalia waziwazi Kaisari aliyempa cheo. Akawaomba wanazuoni wa Wittenberg, Melanchthon akiwa mkuu wao, watafute njia ya katikati. Rasimu iliyopelekwa mbele ya baraza la Leipzig mwezi wa Desemba 1548 iliyashika mafundisho ya kuhesabiwa haki, ingawa kwa maneno laini kuliko yale ya zamani, na ikakubali katika kaida mambo mengi yaliyokwisha kuachwa: kanzu nyeupe, mishumaa na nyimbo za Kilatini, kutokula nyama siku fulani, sikukuu ya Mwili wa Bwana, na kupaka wagonjwa mafuta.

Haki yatutaka tumsikilize Melanchthon kabla ya kumhukumu, maana wengi wamemhukumu pasipo kumsikiliza. Alikuwa ameyaona yaliyoipata kusini: makanisa matupu, watoto wasiobatizwa, wagonjwa wanaokufa bila mchungaji. Chuo kikuu cha Wittenberg kilikuwa kimefunguliwa tena kwa hisani ya mshindi. Yeye ndiye aliyeandika kwamba kaida za wanadamu si lazima zifanane. Basi, ikiwa kwa kuvaa kanzu ataliokoa kanisa lisifungwe, na mafundisho yakabaki mimbarani, kwa nini asiichukue kanzu kama mzigo mwepesi? Aliyaita mambo hayo adiafora, na ukiyatazama moja moja huwezi kusema kwamba alikosea. Kanzu ile ni kitambaa.

Jibu lilitoka kwa kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Matthias Flacius alizaliwa mwaka 1520 huko Istria, karibu na Bahari ya Adria, na tangu 1544 alikuwa mwalimu wa Kiebrania katika Wittenberg. Mwaka 1549 aliiacha kazi yake akaenda Magdeburg, mji uliokuwa umeikataa Interim na kuwekwa nje ya ulinzi wa dola. Hoja yake yaweza kufupishwa hivi: palipo na ulazima wa kukiri imani, na pale ambapo wadogo watakwazwa, hapana tena jambo lisilo na tofauti. Mkulima hasomi rasimu za wanazuoni. Yeye hutazama altareni. Miaka ishirini aliambiwa kwamba ibada ya zamani iliyaficha maneno ya neema. Leo akiiona ibada hiyo inarudi baada ya jeshi la watu wake kushindwa, atasoma nini katika kanzu ile? Atasoma kwamba aliyeshinda vita ameshinda na hoja. Na aliyeiamuru kanzu anataka isomwe hivyo hivyo.

Hapa ndipo mahali pa kuangalia kwa makini, maana katika vitabu vingi Flacius huonekana kama mtu wa ukali aliyeuacha upole wa mwalimu wake Luther. Lakini aliyemtetea ni yule yule ambaye Luther alimtetea mwaka 1522: muumini mnyonge, asiye na elimu, ambaye imani yake hushikwa na macho na mikono. Kule Wittenberg mnyonge huyo angaliumizwa na kuondolewa kwa haraka. Huku Saksonia ya 1548 aliumizwa na kurudishwa kwa haraka. Huruma ilikuwa moja, lakini ilitoa hukumu mbili, kwa sababu mkandamizaji alikuwa amehama upande. Hata Jean Calvin, ambaye hakuwa Mlutheri, alimwandikia Melanchthon mwaka 1550 kumlaumu kwa upole na uchungu kwamba ameupanua mno mpaka wa mambo ya hiari.

Magdeburg ililipa gharama ya hoja hiyo. Mitambo yake ya kupiga chapa ilitoa vijitabu vingi hata mji ukapewa sifa ya kuwa ofisi ya uandishi ya Mungu. Mwezi wa Aprili 1550 wachungaji wake, Nikolaus von Amsdorf akiwa miongoni mwao, walitoa ungamo lao la kutetea haki ya kumpinga mtawala aivamiaye imani. Katika majira ya vuli mji ukazingirwa, na aliyeuzingira kwa jina la Kaisari alikuwa Moritz. Watu walivumilia zaidi ya mwaka mmoja. Mapatano ya Novemba 1551 yaliufungua mji lakini yakauachia imani yake, na mwaka uliofuata Moritz huyo huyo alimgeukia Kaisari na kumshinda. Kwa njia hiyo ulipatikana mkataba wa Passau wa 1552, na baadaye amani ya Augsburg ya 1555.

Basi historia ilimthibitisha Flacius? Kwa sehemu tu. Silaha iliyokuwa ya haki dhidi ya Kaisari ilibaki mikononi mwa watu baada ya Kaisari kuondoka, na waliokuwa ndugu wakaendelea kupigana nayo. Melanchthon alikufa mwaka 1560 amechoshwa na ugomvi wa wanazuoni. Flacius alikufa Frankfurt mwaka 1575, baada ya kufukuzwa mji hadi mji, naye akihesabiwa na Walutheri wenzake kuwa amepotoka katika mafundisho ya dhambi ya asili. Miaka miwili baada ya kifo chake lilitoka Andiko la Maafikiano la 1577, nalo katika kifungu cha kumi likaamua shauri lenyewe. Kila kanisa, kwa mahali na wakati wake, lina mamlaka ya kuzibadili kaida zake. Lakini wakati wa mateso, adui atakapo kuitumia kaida kuikandamiza imani, kumwachia hata katika jambo dogo ni kuikana. Hapo Flacius alipewa haki yake. Kisha likaongeza kwamba makanisa yasihukumiane kwa tofauti za kaida maadamu yapatana katika mafundisho. Hapo Melanchthon naye alipewa yake.

Hukumu hiyo ilijaribiwa tena baada ya miaka 240, na safari hii aliyetoa amri hakuwa adui. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prusia alikuwa wa madhehebu ya Kalvini, na mkewe, Malkia Luise, alikuwa Mlutheri. Mtu na mkewe hawakuweza kuikaribia Meza ya Bwana pamoja. Mwaka 1817, Matengenezo yalipotimiza miaka 300, Mfalme aliyaita makanisa hayo mawili yaungane, na mwaka 1822 akaleta kitabu cha ibada ambacho yeye mwenyewe alishiriki kukitunga kwa kusoma taratibu za karne ya 16. Kilikuwa na altare, msalaba na mishumaa. Kwa kaida kilikuwa cha Kilutheri kuliko ibada zilizokuwa zikifanywa Prusia wakati ule.

Walutheri wa Silesia walikikataa kwa ajili ya maneno machache. Katika kugawa mkate mchungaji aliamriwa asitamke kwa kinywa chake kwamba huu ni mwili wa Bwana, bali aseme kwamba Kristo alisema hivyo, na kila mpokeaji ajichukulie maana aitakayo. Lilikuwa daraja lililojengwa kwa hekima, lakini wao waliona kwamba limejengwa juu ya ukimya. Profesa Johann Gottfried Scheibel wa Breslau alisimamishwa kazi mwaka 1830. Katika kijiji cha Hönigern, Desemba 1834, watu waliolilinda kanisa lao waliondolewa na askari, na ibada mpya ikaingizwa siku za Noeli. Wengine walihama kabisa. Mchungaji August Kavel na watu wake walifika Australia ya Kusini mwaka 1838. Tukiyaweka mambo ya 1548 na ya 1834 pamoja twaona kwamba wakati mmoja kaida zilikataliwa ingawa mafundisho yalisalia kwa maneno, na wakati mwingine kaida nzuri hazikutosha kwa kuwa maneno yalilegezwa. Na mara zote mbili nia ya mtawala ilikuwa amani.

Makanisa ya Ujerumani yaliyopita katika moto huo ndiyo yaliyopeleka wamisionari nchi ya Tanganyika. Misheni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, ililishika ungamo la Kilutheri pasipo kulichanganya na umoja wa Prusia. Misheni ya Berlin, iliyoingia kaskazini ya ziwa Nyasa mwaka 1891, na ile iliyokuja kuitwa ya Bethel, iliyoanza Usambara mwaka huo huo, zilitoka katika kanisa la muungano. Baadaye wakaja Waskandinavia na Wamarekani na taratibu zao. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo kwa jina la Tanzania ndilo KKKT ya leo, mengine yaliongozwa na maaskofu na mengine na marais wa sinodi, wala tofauti hiyo haikuuzuia umoja. Ilikuwa tafsiri ya kifungu cha saba kwa matendo.

Na kifungu cha kumi nacho kilipata tafsiri yake katika nchi hii hii. Mwezi wa Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, wa kwanza katika Afrika, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake. Mkutano huo ulitamka kwamba katika mambo ya siasa Wakristo huweza kwa kawaida kutofautiana, lakini ubaguzi wa rangi wa Kusini mwa Afrika umefika mahali ambapo imani yenyewe yadai kukiriwa, na makanisa hayana budi kuukataa wazi. Mwaka 1984, katika Budapest, makanisa mawili ya Wazungu ya kusini yalisimamishwa uanachama kwa kutofanya hivyo. Msomaji aliyefuata hoja tangu mwanzo ataisikia sauti ya Magdeburg. Ni nani aketi na nani, ni nani apokee mkate kwanza, ni mambo ambayo mahali pengine yangekuwa utaratibu tu. Huko yalifanywa kusema kwamba mwili wa Kristo umegawanyika kwa rangi ya ngozi.

Lakini kisa cha Afrika ya Kusini chatupa onyo la upande wa pili, nalo ni la kutisha zaidi. Sinodi ya kanisa la Kidachi la Cape, ambalo ni la Kalvini wala si la Kilutheri, iliruhusu mwaka 1857 ibada za mbali mbali kwa Wakristo weupe na weusi. Ilikiri kwamba kukaa pamoja ndiko kupatanako na Maandiko, ila kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu wangeweza kutengwa. Udhaifu wa baadhi! Ndiyo hoja ya Luther ya mwaka 1522, imepokonywa kwa mnyonge na kupewa mwenye nguvu. Luther aliwasihi wenye nguvu wamngoje ndugu anayetetemeka. Sinodi ile iliwaita wanyonge wale waliokuwa na ardhi, bunduki na serikali, ikawafukuza mezani waliokuwa hawana kitu. Kilichoanza kama ruhusa ya kaida kikawa, baada ya miaka mia, mafundisho.

Kwa hiyo asemaye kwamba Walutheri huyajali mafundisho na kuzidharau kaida hajawaelewa, na asemaye kwamba kaida ndizo zilizowatunza hajawaelewa pia. Mafundisho ndiyo yatoayo hukumu, lakini hutoa hukumu hiyo katika mahakama ya kaida, kwa sababu ndipo wapatikanapo mashahidi. Kila kizazi kikiletewa utaratibu mpya wa ibada, au kikiombwa kuutetea wa zamani, kitafanya vema kuacha kwa kitambo kuuliza kama ni mzuri, kiulize kwanza ni nani anayeuamuru, anataka usomwe vipi, na ni mkono wa nani utakaotetemeka. Mtu yule wa Wittenberg aliyeuangusha mkate siku ya Noeli ya 1521 hatumjui jina. Wanazuoni wamebishana juu yake kwa karne tano, na mara nyingi wamesahau kumtazama.